Njoo na Nafasi Moja Isiyo Yako

Hotuba kwa watafuta kazi, ukumbi wa kata, Moshi, mwishoni mwa masika

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wetu wa mtaa, wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, na ninyi wadogo zangu mliosimama mlangoni, habari za asubuhi. Sogeeni jamani, viti vipo huku mbele. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya kutafuta kazi na kubadili fani. Nitaanza na yangu, maana si vizuri mtu akupe ushauri bila wewe kujua ametokea wapi.

Miaka tisa nilikaa kwenye dawati la buking katika kampuni moja ya utalii hapa Moshi. Nilikuwa napanga vyumba, magari, waongozaji, wapishi na wapagazi. Tarehe 16 Machi 2020 akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, pale Arusha. Ndani ya wiki mbili kompyuta yangu haikuwa inaleta kitu zaidi ya barua za kufuta safari. Mwaka 2019 nchi hii ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 walikuja kama 620,000. Katika pengo hilo yumo mpagazi wa Machame, yumo dereva wa Usa River, yumo mama aliyekuwa anafua mashuka ya hoteli Marangu. Na mimi nimo. Niliambiwa kwa simu, jioni, nikichambua maharage. Barua hakuna. Niliambiwa tu, "Tutakuita hali ikitengemaa." Nikangoja.

Miezi minne nilifanya yale ambayo leo nimekuja kuwaomba msiyafanye. Nililala mpaka saa nne. Niliandika barua moja ya maombi nikaituma kwa watu sitini na kitu, nikibadilisha jina la ofisi tu. Nikaacha hata kwenda ibada ya pili, kwa kuogopa swali moja: "Siku hizi uko wapi?" Wenzangu mliokaa nyumbani mnalijua swali hilo. Linaulizwa kwa upendo kabisa, lakini unarudi nalo nyumbani likikuchoma.

Aliyenitoa ni jirani yangu, dada aliyekuwa mapokezi hotelini, naye amepunguzwa. Alibisha hodi akasema, "Nimesikia kuna shule wanatafuta mtunza stoo. Mimi hesabu hizo siziwezi, wewe unaziweza. Nenda kesho." Alikuwa hana kazi, na bado alinibebea mimi nafasi. Nikaenda. Kazi ile sikuipata. Lakini bwana aliyenisaili pale alinishika mkono mlangoni akaniambia kuna hospitali watahitaji mtu wa manunuzi mwezi unaofuata, nipeleke barua kabla tangazo halijabandikwa. Nikapeleka. Ndipo nilipo mpaka leo.

Hodi ile ya jirani yangu ndiyo niliyoijia kuzungumza nanyi. Lakini kwanza nimalize mambo ya karatasi, kwa sababu karatasi zina tarehe.

Mtu aliyeachishwa kazi wiki hii asianze na CV. Aanze na haki zake. Ukiona umeachishwa kwa uonevu, una siku 30 za kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Siku 30. Mimi nilikuwa nangoja simu ya "tutakuita", na nilipokwenda kuulizia, siku zilikuwa zimepita hamsini. Ukichelewa inabidi uanze kwa kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu, na wengi tunakata tamaa hapo hapo mlangoni. Dai cheti chako cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe, hata kama mmeachana kwa ubaya. Kama ulifanya kazi mwaka mzima mfululizo au zaidi kisha ukapunguzwa, ulizia kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Na kama ulikuwa unakatwa mchango wa NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, nenda ofisini kwao ukaulizie fao la kukosa ajira. Aliyechangia angalau miezi 18, na hakuacha kazi kwa hiari yake, anaweza kulipwa theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Sita si mingi, lakini ni kodi ya nyumba na unga wakati unatafuta.

Baada ya hapo, kaa na watu wa nyumbani kwako, mhesabu kilichopo kitawafikisha wapi. Nasema mkae pamoja. Nawajua kina baba wawili walioendelea kuvaa na kutoka saa moja asubuhi, wiki nzima, ili mke asijue. Wanazunguka mjini, wanakaa stendi, jioni wanarudi. Baba zangu, nawaheshimu, na najua ni aibu gani inayomfikisha mtu hapo. Lakini mke wako ana dada, ana kwaya, ana kikoba. Ukimficha yeye umewaficha watu hamsini ambao wangeweza kukusikilizia.

Sasa nizungumzie siku yenyewe.

Mwaka 1931 watafiti walikwenda kukaa Marienthal, kijiji cha Austria, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa kinalisha karibu kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Waliandika kila kitu, mpaka mwendo wa watu barabarani. Wanaume wasio na kazi walikuwa wanatembea polepole, wanasimamasimama. Wanawake walitembea upesi zaidi, maana jiko na watoto havikufungwa na kiwanda. Na maktaba ya kijiji ikaazimisha vitabu vichache kuliko zamani, wakati watu walikuwa na muda tele. Niliposoma habari hizo nilijiona mimi kitandani saa nne asubuhi. Muda ukiwa mwingi mno unaoza.

Kwa hiyo weka saa. Sisi kwenye kikundi chetu cha watafuta kazi tunasema saa mbili mpaka saa sita mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, ni saa za kutafuta kazi. Umeoga, umevaa, uko nje ya kitanda. Mchana ni wa kutafuta mkate: kibarua, deiwaka, kuuza ndizi, kufundisha twisheni, chochote halali. Usividharau vibarua, lakini usivipe asubuhi, maana asubuhi ndiyo ofisi zinapokea watu.

Nunua daftari. Hili langu hapa, mnaliona, limeloa chai pembeni. Kila ukurasa una mistari mitano ya kusimama: tarehe, niliongea na nani, namba yake, alisema nini, nirudi lini. Huo wa mwisho ndio unaowashinda watu. Mtu anaambiwa "njoo baada ya Pasaka", anasema asante, anasahau. Mwenzake anarudi Jumanne baada ya Pasaka, na anaanza kwa kusema, "Baba, uliniambia nirudi leo." Nimekaa upande wa pili wa dirisha sasa, naagiza vitu, naona watu wanaokuja kuomba. Anayerudi siku aliyoambiwa tunamkumbuka.

Usijiwekee lengo la "kupata kazi wiki hii", hilo halimo mikononi mwako. Jiwekee watu kumi utakaozungumza nao, maombi matatu uliyoyaandika upya tangu mstari wa kwanza, na mlango mmoja wa kurudia. Ijumaa unahesabu. Ukikuta watu wanne badala ya kumi, unajua cha kurekebisha.

Na mlangoni anza na mlinzi. Msimpite kama mti. "Shikamoo baba, naomba kuuliza, hapa anayeshughulika na wafanyakazi ni nani, na siku gani anapokea watu?" Mlinzi anajua nani ameacha kazi jana, anajua nani yuko likizo ya uzazi, anajua bosi akifika saa ngapi na amekujaje. Kijana mmoja wa kikundi chetu alijua kwamba karakana moja inahitaji fundi umeme kwa sababu mlinzi alimwambia yule wa kwanza amehamia Dodoma. Tangazo halikuwahi kubandikwa.

Kila mji una kalenda yake ya ajira, na ya huku kwetu inasomeka. Wageni wa mlima na mbuga wanajaa Juni mpaka Oktoba, kisha tena Desemba mpaka Februari. Hoteli inayongoja wageni wa Juni inatafuta watu Aprili na Mei, yaani sasa hivi, mvua ikinyesha na kila mtu akisema utalii umelala. Kahawa yetu inaanza kuvunwa katikati ya mwaka, na vinu vya kukobolea vinataka mikono ya msimu. Mashamba ya maua ya upande wa Usa River yanakimbizana na tarehe 14 Februari. Shule binafsi zinatafuta walimu, wapishi, madereva na matroni Novemba na Desemba, kwa sababu Januari watoto wanafika. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Ukipeleka barua wiki watu walipokwisha kuajiri, umepeleka karatasi.

Nije kwenye jambo linalolalamikiwa kila kijiwe: koneksheni. "Bila koneksheni hupati kazi." Nakubali nusu yake, na hiyo nusu naomba mnisikilize vizuri.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha alichokikuta kwa wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston. Aliwachukua wale waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu, akawauliza: mtu huyo mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema "mara kwa mara" hawakufika 17 katika 100. Kama 56 walisema "mara mojamoja". Na 28 walisema "kwa nadra sana". Wengi waliambiwa na mtu wa mbali: mliyesoma naye, mliyewahi kufanya naye kazi, rafiki wa shemeji. Sababu yake mtaiona mkitazama kijiwe chenu. Rafiki unayeshinda naye anajua unachokijua wewe. Mmesikia tangazo lile lile, mmekosa kazi zile zile. Mtu wa mbali anakaa penye habari ambazo wewe hazikufikii.

Sasa sisi wa huku tuna jambo ambalo watu wa Newton hawakuwa nalo. Tuna Desemba. Kila mwaka watoto wa Kibosho, Marangu, Machame, Rombo, Old Moshi wanarudi, barabara zinajaa magari ya Dar, kila kihamba kina moshi. Ni wahasibu, mafundi, wauguzi, wenye maduka Kariakoo, madereva wa malori ya Zambia. Wanakaa wiki mbili, wana muda, wameshiba, na wameketi. Sisi tunafanya nini? Tunakwepa, kwa sababu ya lile swali. Ndugu zangu, Desemba hii, kwenye ubarikio, kwenye harusi, hata kwenye msiba, swali likija, lijibu.

Lijibu kwa sentensi moja ambayo mtu anaweza kuibeba. "Natafuta kazi yoyote" haibebeki. Atakuhurumia, atakupa elfu tano, atasahau. Mimi nilijifunza kusema hivi: "Natafuta kazi ya stoo au manunuzi, shule au hospitali, kati ya Moshi na Bomang'ombe. Nina miaka tisa ya kupanga oda na kuhesabu vitu." Mtu akisikia hivyo, siku atakayosikia neno "stoo" atanikumbuka. Iandikeni sentensi hiyo leo kabla hamjatoka, msomeane.

Ile nusu nisiyoikubali ni hii: mtu akisikia koneksheni anamtafuta wa kumpenyeza. Mimi nasema mtafuteni wa kuwaambia. Kuambiwa kuna nafasi hakumuibii mtu. Kupenyezwa kunamuibia mtoto wa mwenzako aliyekaa na cheti chake kihalali.

Na anayekutaka hela ili akupe kazi, ondoka. Hela ya fomu, hela ya sare, hela ya vipimo, hela ya kumpa bosi soda. Mama mmoja wa kwetu alikopa kikoba akamtumia mtu kwa simu hela ya "mafunzo ya kazi ya meli". Meli yenyewe haipo, na kikoba anakilipa mpaka leo. Kuomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira hakulipiwi hata senti. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe.

Kwa wale mnaoomba huko serikalini, neno moja la majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema Aisha, cheti cha kidato cha nne kinasema Asha, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu. Mtandao wa ajira haukujui, unasoma herufi. Fuata taratibu za kisheria za majina mapema, usingoje tangazo litoke na siku 14 za kuomba. Peleka vyeti kamili, maana hati za matokeo hawazipokei. Thibitisha nakala kwa wakili. Saini barua. Soma pia masharti ya umri: matangazo mengi yanasema usizidi miaka 45. Mkubwa uliyevuka huo umri usikae unalia na mlango huo, nenda kwenye taasisi za dini, shule, viwanda na hospitali binafsi, ambako mtu mzima aliyetulia anatafutwa.

Sasa CV. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kubadili fani kunapoanzia.

Mwaka juzi alikuja kwetu mpishi wa mlimani. Miaka kumi na moja anapanda Kilimanjaro, magoti yamechoka, daktari amemwambia basi. Alileta karatasi kutoka steshenari, nusu ukurasa. Kwenye uzoefu imeandikwa: "Mpishi wa mlimani 2011 hadi 2022." Mwisho. Nikamwambia kaka, kaa hapa. Mkiwa kambi ya Barafu, maji mnayatoa wapi? Akacheka, akasema Barafu hakuna maji, yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Nani anajua yabebwe lita ngapi? Mimi. Unajuaje? Akaanza kuhesabu kwa vidole: wageni kumi na wawili, lita tatu za kunywa kila mmoja, supu, chai ya usiku kabla ya kupanda kileleni, uji wa wapagazi, vyombo. Usipokosea kwa wageni unakosea kwa wapagazi, akasema, na mpagazi asiyekunywa hashuki salama. Nikamuuliza, chakula cha siku saba unakinunua wapi? Soko la Mbuyuni, siku moja kabla. Kwa hela ya nani? Ya kampuni, napewa mkononi, narudisha risiti. Umewahi kukosa risiti? Hapana. Mzigo wa mpagazi? Kilo 20, getini wanapima, kwa hiyo nagawanya vyakula ndoo kwa ndoo. Mgeni asiyekula nyama? Mgeni mwenye kisukari? Mgeni ambaye karanga zinamdhuru? Wote nimewahudumia. Na umewahi kuharisha watu kwa chakula chako? Akanitazama kwa hasira kidogo. "Dada, miaka kumi na moja. Hata mmoja."

Tuliandika upya. Karatasi mpya ilisema: amepanga na kupika milo mitatu kwa siku kwa watu hadi hamsini, wageni na wapagazi, kwenye kambi iliyo juu ya mita 4,600, kwa jiko la gesi, bila maji ya bomba wala umeme. Amesimamia fedha za manunuzi kwa kila safari na kurejesha risiti zote. Amehudumia wagonjwa wa kisukari na wenye mzio wa vyakula. Ameongoza wasaidizi watatu. Hajapata tukio hata moja la sumu ya chakula kwa miaka kumi na moja. Kila neno ni kweli. Leo ni msimamizi wa jiko la shule ya bweni, analisha watoto mia nne, na analala nyumbani kwake.

Ndivyo ninavyowaomba mfanye. Msiandike cheo, andikeni mlichokuwa mkifanya na mikono yenu, kwa hesabu. Na msijifanyie wenyewe. Yule kaka alikuwa haoni kwamba kuhesabu maji ni ujuzi, kwa sababu ameuzoea. Inabidi akuulize mtu mwingine.

Katika kubadili fani, ushauri wangu ni mguu mmoja ubaki chini. Mimi nilitoka utalii nikaingia hospitali, lakini kazi ilibaki ile ile: oda, wauzaji, fomu, tarehe. Mpishi alitoka mlimani akaenda shuleni, sufuria zikabaki. Mwingine anaweza kubaki hotelini akatoka usafi kwenda mapokezi. Anayebadili sehemu na kazi kwa mara moja anaanza kama mtoto wa fildi, na mshahara wa fildi. Inawezekana, lakini hesabu kwanza una miezi mingapi ya kujitolea bila kulipwa.

Kabla hujalipa ada ya kozi, ijaribu kazi yenyewe. Nenda Jumamosi mbili kwa fundi, kwenye salon, kwenye duka la dawa, kwenye shamba la mboga, omba usaidie. Kuna dada aliuza mbuzi watatu kwa ajili ya kozi ya kompyuta, akagundua mwezi wa pili kwamba kukaa mbele ya skrini kunamuumiza kichwa. Na wewe fundi mwenye miaka kumi ya kuchomelea au kujenga bila cheti, usianze darasa la kwanza. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: wanakupima kwa unachokijua, wanaziba mapengo, unapata cheti. Ulizia tarehe zao.

Sitaki mtu adhani nasema haya kirahisi. Mwongozaji aliyefikisha wageni kilele cha Uhuru mara mia mbili, aliyekuwa anaitwa bosi kila getini, akianza upya mahali asipojulikana, anaumia, na kuumia huko kuna haki yake. Wenzetu wa Arusha waliiona hali hiyo mahakama ya mauaji ya Rwanda ilipofungwa mwisho wa 2015. Ilikuwa mwajiri mzuri, na kazi yake ilikwisha. Lieni, msijifiche. Halafu asubuhi saa mbili daftari.

Usaili nitaupita haraka. Watakuuliza kwa nini unabadili kazi. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani, hata kama alikukosea. Mimi alinikosea, na nilisema tu, "Korona ilisimamisha safari, nikaona ujuzi wangu wa oda unahitajika hapa." Fika nusu saa kabla. Jua jengo lilipo tangu jana yake.

Narudi kwenye ile hodi ya jirani.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Nathan Azrin na wenzake, jimbo la Illinois, walichapisha jaribio. Waliwagawa watafuta kazi mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu moja walitafuta kila mtu kivyake. Fungu la pili walikutana kila siku kama kikundi: wanagawana matangazo, wanafanyishana mazoezi ya simu na usaili, kila mmoja ana mwenzake wa kumsukuma. Baada ya miezi miwili, katika fungu la kikundi 90 kwa 100 walikuwa wamepata kazi. Kwa waliokwenda kivyao, 55. Watu wa aina moja, mji mmoja, kazi zilizopo ni zile zile.

Sisi tunajua kuishi hivyo. Tunachangiana harusi, tunazikana, tuna vikoba. Kutafuta kazi tu ndiko tulikokufanya siri ya mtu peke yake chumbani. Kikundi chetu kilianza na watu wanne kwenye baraza la jirani yangu yule, na sharti la kuingia ni moja, alilitaja yeye: njoo na nafasi moja isiyo yako. Wiki nzima masikio yako wazi kwa ajili ya wenzako. Umesikia duka la vifaa vya ujenzi Njoro wanataka karani, wewe ni mshonaji, unaleta. Mtu akisikiliza kwa ajili ya watu kumi na mmoja anasikia mambo mengi ambayo angeyapuuza kama angekuwa anajitafutia mwenyewe tu.

Na tuna koti. Nimekuja nalo. La bluu ya giza, tulilinunua soko la Memorial, mitumba, tulichanga elfu moja moja. Limeshonwa upya mabega mara mbili, maana wa kwanza alikuwa mwembamba na wa tatu si mwembamba. Limekwenda usaili mara kumi na tisa. Mfuko wa ndani una karatasi, kila aliyelivaa ameandika swali aliloulizwa, ili anayefuata ajiandae. La karibuni linasema: "Waliniuliza ningefanya nini mzigo ukifika pungufu na dereva hataki kusaini." Mchana huu aketi mtu na mwenzake, mjibizane hilo.

Tutaanza vikundi vipya hapa hapa Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Mwenyekiti ametupa ukumbi bure mpaka saa sita. Njoo na daftari, kalamu, cheti ulichonacho, na namba za simu za watu watatu ambao hamjaongea mwaka mzima. Tutawapigia pale pale, wenzako wakiwa wamekaa pembeni yako. Dada mwenye kitenge cha njano pale nyuma aliniambia mlangoni ana usaili Alhamisi. Mama, usiondoke kabla hujalijaribu koti, nione kama mikono inafika.